Naanyu na Mbegu Isiyotaka Kufukiwa

Sogeeni karibu. Aliye nyuma anasikia? Haya, tuanze.

Kwenye mteremko wa Mlima Meru kuna nyumba yenye mlango wa bluu. Humo anaishi Naanyu.

Naanyu ana meno yote, isipokuwa mawili ya mbele. Ana mama. Ana baba. Na ana kuku mmoja mwenye hasira, jina lake Pilipili.

Baba yake Naanyu ni mkulima. Anajua mahindi. Anajua maharage. Migomba yake anaijua yote, na mingine anaisalimia asubuhi.

Mama yake ni mkulima pia. Lakini Mama anapanda maua.

Nyuma ya nyumba kuna kitalu cha Mama. Kuta zake ni nailoni. Paa lake ni nailoni. Upepo ukija, kitalu kizima kinasema, "Pwaa. Pwaa. Pwaa."

Siku moja Mama alimwita Naanyu kitaluni. Akaketi kwenye kigoda. Akachukua mkono wa Naanyu, akauweka juu ya tumbo lake.

"Humu ndani kuna mtoto," Mama alisema. "Mdogo wako."

Naanyu aliweka sikio tumboni. Akasikiliza. Hakusikia kitu.

"Amelala?" Naanyu aliuliza.

"Amelala," alisema Mama. "Bado ni mdogo sana."

Naanyu alifikiri. Mtoto wa jirani alipozaliwa, watu wote walikwenda kumwona. Na hakuna aliyekwenda mikono mitupu.

Huyu alibeba kanga. Yule alibeba sabuni. Koko, bibi yake Naanyu, alibeba kibuyu kizima cha loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando.

"Mama," alisema Naanyu, "na mimi nitampa nini mdogo wangu?"

"Wewe ni dada yake," Mama alisema. "Si lazima umpe kitu."

"Lazima!" alisema Naanyu. Akapiga mguu chini, puu! "Mimi siendi mikono mitupu."

Mama alicheka. Kisha akafungua kikopo kidogo. Ndani mlikuwa na mbegu nyeupe. Zilikuwa ndogo mno, kama chumvi.

"Hizi ni mbegu za lisianthasi," alisema Mama.

"Lisi... lisia... lisi..." Ulimi wa Naanyu ulipita kwenye pengo, ukakwama.

"Sema lisi," alisema Mama. "Inatosha. Ua lake ni la zambarau. Na ni laini kama sikio la mbuzi mchanga."

Macho ya Naanyu yalitanuka. "Nitampa lisi! Mdogo wangu nitampa lisi!"

"Basi tupande leo," alisema Mama. "Lisi haina haraka hata kidogo. Inachelewa kuota. Inachelewa kukua. Inachelewa kuchanua."

"Mtoto je?" Naanyu aliuliza.

"Naye hana haraka," alisema Mama.

Mama alimpa Naanyu trei yake mwenyewe. Trei ilikuwa na vishimo vidogo, na kila kishimo kilikuwa na udongo mweusi, laini, wenye unyevu.

Naanyu alilowesha ncha ya kidole. Akagusa mbegu moja. Akaiweka kwenye kishimo kimoja. Tik.

Mbegu moja, kishimo kimoja. Tik. Tik. Tik.

Kazi ilipokwisha, Naanyu alichota udongo kwa kiganja. Alitaka kufukia mbegu zake.

"Ah-ah!" alisema Mama. "Lisi haifukiwi."

"Haifukiwi? Mbona maharage tunafukia?"

"Maharage yanapenda giza," alisema Mama. "Lisi inapenda mwanga. Ukiifukia, haioti."

Mama alifunika trei kwa nailoni nyepesi, ile inayopitisha mwanga. Kisha akaiimbia trei, taratibu, kama anavyofanya siku zote.

"Polepole, lisi, polepole.
Mizizi kwanza, majani baadaye."

Na Naanyu naye akaimba.

"Polepole, lisi, polepole.
Mizizi kwanza, majani baadaye."

Kesho yake Mama alikwenda kliniki. Naanyu alikwenda chekechea. Baba akabaki nyumbani peke yake.

Sasa, Baba ni mtu mwema. Lakini Baba akibaki peke yake, hawezi kutulia. Lazima atafute kitu cha kusaidia.

Baba alisaidia ng'ombe. Baba alisaidia mlango. Baba alitaka kumsaidia Pilipili, lakini Pilipili alimdonoa, do!

Basi Baba akaingia kitaluni. Pwaa, pwaa, ilisema nailoni.

Baba aliona trei ya Naanyu. Akainua nailoni nyepesi. Akatazama. Akashika kichwa.

"Maskini!" alisema Baba. "Mbegu za mwanangu zimelala uchi!"

Baba alitafuta udongo. Akauchekecha mpaka ukawa laini kama unga. Che, che, che. Akaumwaga juu ya mbegu. Akausawazisha kwa kiganja, vizuri kabisa.

"Haya," alisema Baba. "Laleni na joto."

Jioni Naanyu alirudi. Alikimbia moja kwa moja kitaluni. Akaitazama trei yake.

Udongo. Udongo mtupu. Hakuna hata mbegu moja nyeupe.

"Baba!" aliita Naanyu. "Mbegu zangu ziko wapi?"

"Zimefukiwa, mwanangu," alisema Baba, akitabasamu. "Usinishukuru."

Naanyu hakumshukuru.

"Lisi haifukiwi, Baba."

"Haifukiwi?" Baba alicheka. "Tangu lini? Baba yangu alifukia. Babu yangu alifukia. Mbegu ni mbegu!"

Wakati huo Mama alirudi kutoka kliniki. Aliingia kitaluni na mkoba wake. Akaiona trei. Akamwona Naanyu.

"Baba Naanyu," alisema Mama kwa sauti ya chini. "Hizi hazifukiwi. Zinataka mwanga."

Baba aliacha kucheka. Alitazama viganja vyake vikubwa. Vilikuwa bado na udongo.

"Nimeharibu," alisema Baba.

Naanyu akalia. Alilia kwa sauti. "Watu wote watakuja na kitu! Mimi nitakuja na nini? Mdogo wangu nitampa nini?"

"Mama Naanyu, hakuna mbegu nyingine?" aliuliza Baba.

Mama alitikisa kikopo. Kikopo hakikusema kitu. Kilikuwa kitupu.

Wote watatu waliitazama trei. Hata nailoni ilinyamaza.

Kisha Mama aliinama. Akagusa udongo wa juu kwa kidole.

"Uliumwagia maji?" aliuliza.

"Bado," alisema Baba. "Nilitaka kumwagia sasa hivi."

"Afadhali!" alisema Mama. "Udongo wa juu ni mkavu. Labda unaweza kutoka. Lakini taratibu. Taratibu sana. Ukigusa kwa nguvu, mbegu zinakwenda na udongo."

Baba alitazama tena viganja vyake. Vilikuwa viganja vya jembe. Havikujua taratibu.

Naanyu alifuta machozi. Alifikiria kitu laini. Kitu laini sana. Kisha akakimbia nje.

Huko nje kulisikika, "Kokokoko! Ko! Ko!" Kisha kulisikika, "Aaai!"

Naanyu akarudi mbio. Mkononi alikuwa na unyoya mmoja wa Pilipili.

"Aliuangusha mwenyewe," alisema Naanyu. "Mimi niliokota tu. Lakini hakupenda."

Baba aliushika unyoya kwa vidole viwili. Akapiga magoti mbele ya trei. Akaanza kupangusa.

Fyu. Fyu. Fyu.

Udongo kidogo ulitoka. Baba akashusha pumzi. "Usipumue hivyo, Baba!" alisema Naanyu. "Utazipeperusha!"

Baba alibana pumzi. Mashavu yake yakajaa. Fyu. Fyu. Fyu.

Na hapo kikaonekana kitu cheupe, kidogo mno, kama chumvi.

"Moja!" alinong'ona Naanyu.

Baba alipangusa mpaka magoti yakamuuma. Alipangusa mpaka maziwa yakachemka jikoni na kumwagika. Hakuna aliyejali.

Mbegu nyingine zilipotea. Nyingine zilibaki. Baba alilaza unyoya chini.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilidhani najua."

Naanyu alimwegemea begani. Bado alikuwa na huzuni, lakini si nyingi kama mwanzo.

Mama alipulizia maji laini kama ukungu. Fss. Fss. Akarudisha nailoni nyepesi. Na safari hii waliimba watatu.

"Polepole, lisi, polepole.
Mizizi kwanza, majani baadaye."

Baba aliimba vibaya. Lakini aliimba.

Kila asubuhi Naanyu alikwenda kuchungulia. Na kila asubuhi alimkuta Baba amechuchumaa pale pale, hata kabla ya kuisalimia migomba.

"Zimeota?"

"Bado."

Siku nyingine.

"Zimeota?"

"Bado."

Kisha ikaja asubuhi ya ukungu. Naanyu alichungulia. Akachungulia tena.

"Baba," alinong'ona. "Nimeona kijani."

"Wapi?"

"Pale."

"Wapi?"

"Pale, Baba! Pale!"

Baba alilala kifudifudi. Ndevu zake zikagusa trei. Kweli, palikuwa na kitu cha kijani. Kilikuwa kidogo kuliko jicho la sisimizi.

"Huo ndio mche?" aliuliza Baba. "Huo wote?"

"Huo wote!" alisema Naanyu, akaruka juu, puu, puu, puu!

Ikaota miche mingine. Haikuwa mingi. Lakini ilikuwa yake.

Siku zikaenda. Baba alipanda maharage shambani. Alichimba, akatia, akafukia. Na maharage yakatoka mbio.

"Maharage yangu yana majani!" alisema Baba. "Lisi yenu je?"

Naanyu alitazama. Lisi ilikuwa kama ukucha wa kidole kidogo.

"Polepole, lisi, polepole," aliimba Naanyu.
"Mizizi kwanza, majani baadaye."

"Maharage yangu yamechanua!" alisema Baba. "Lisi yenu je?"

Naanyu alitazama. Lisi ilikuwa kama kifungo cha shati.

"Polepole, lisi, polepole.
Mizizi kwanza, majani baadaye."

"Maharage yangu yameiva!" alisema Baba. "Jioni tunakula!"

Nao wakala. Yalikuwa matamu, tusiseme uongo. Naanyu aliongeza sahani. Lakini maharage si zawadi ya mtoto asiye na meno.

Na tumbo la Mama nalo likakua. Siku moja Naanyu aliweka sikio. Du!

"Amenipiga teke!" alisema Naanyu. Alifurahi kweli kweli. Kisha akapata wasiwasi. "Mama, yeye anakwenda haraka kuliko lisi."

"Labda," alisema Mama. "Hakuna ajuaye."

Miche ilipopata majani ya kutosha, ilibidi ihamishwe. Trei ilikuwa imeshakuwa ndogo.

Lakini Mama hakuweza kuinama tena. Tumbo lilikataa. Na vidole vya Baba, tunavijua.

"Vidole vyako vinafaa," Mama alimwambia Naanyu. "Usivute mche. Sukuma kwa chini. Mizizi ya lisi haipendi kuguswa."

Naanyu alisukuma kwa chini. Mche ukatoka na udongo wake wote. Mizizi ilikuwa mingi, myeupe, myembamba. Majani yalikuwa madogo, lakini mizizi ilikuwa mirefu!

"Kumbe!" alisema Naanyu. "Kumbe ilikuwa inafanya kazi chini."

Alipanda miche kwenye tuta la Mama. Mmoja aliupanda kwenye kopo. Huo ulikuwa wa mdogo wake.

Lisi ya koponi ikaanza kunyanyuka. Ilifika kwenye kifundo cha mguu cha Naanyu. Ikafika kwenye goti. Mama akaifunga kwa kamba laini ili isianguke.

Kisha juu kabisa kukatoka tumba, ua ambalo bado halijafunguka. Lilikuwa limejisokota, gumu, la kijani.

"Chanua," alisema Naanyu.

Tumba halikuchanua.

"Tafadhali chanua. Mtoto anakuja."

Tumba halikuchanua.

Asubuhi moja Naanyu aliamka, akakuta nyumba kimya. Baba hayupo. Mama hayupo. Jikoni yuko Koko, anakoroga uji.

"Shikamoo, Koko," alisema Naanyu. Akainamisha kichwa, na Koko akamgusa utosini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama na Baba wamekwenda hospitali. Mtoto anakuja leo."

Leo! Naanyu alikimbia kitaluni. Pwaa, pwaa, ilisema nailoni.

Tumba lilikuwa limefungwa. Kwenye ncha palikuwa na mstari mwembamba wa zambarau. Basi. Hakuna zaidi.

Naanyu alikaa chini karibu na kopo lake. Alikaa hapo mpaka uji wake ukapoa.

Mchana Mama na Baba walirudi. Mama alikuwa amebeba furushi dogo la kanga. Ndani ya furushi kulikuwa na uso mdogo. Macho yalikuwa yamefungwa, fu!

Wageni wakaja. Huyu alibeba kanga. Yule alibeba sabuni. Koko alileta loshoro kwenye kibuyu chake.

Kila mgeni alitazama ndani ya furushi. "Jamani, mtoto mzuri!" walisema. "Mbona hafungui macho?"

"Bado," alisema Mama. "Atafungua akitaka."

Wageni walicheka, wakambariki, wakaenda zao.

Muda wote huo Naanyu alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Alikuwa ameshika kopo kwa mikono miwili. Alilitazama tumba. Ukucha mmoja tu, alifikiri. Nikilifungua kidogo kwa ukucha mmoja tu.

Aliweka ukucha kwenye ncha ya tumba.

Kisha akamtazama mtoto. Watu wote walitaka kuyaona macho yake. Hata Koko alitaka. Lakini hakuna aliyeyafungua kwa vidole. Haiwezekani! Ingemuuma!

Naanyu aliondoa ukucha. Akatembea polepole mpaka kitandani.

"Nimemletea lisi," alisema. "Lakini haijachanua." Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama alitazama tumba kwa muda mrefu. "Ni zawadi nzuri," alisema. "Weka hapa dirishani, ipate mwanga."

Baba alisogeza pazia. Alisogeza kidogo tu, kwa vidole viwili.

Siku hiyo tumba halikuchanua. Siku ya pili, tumba lilijisokotoa kidogo. Mtoto alipiga miayo.

Siku ya tatu kulikuwa na jua zuri. Naanyu alirudi kutoka chekechea. Akafungua mlango wa chumba cha Mama. Akasimama.

Lisi ilikuwa imechanua.

Petali zilikuwa zimefunguka zote. Zilikuwa za zambarau, na laini kama sikio la mbuzi mchanga. Naanyu alizigusa kwa shavu ili ahakikishe.

"Baba! Koko! Njooni!"

Baba alikuja mbio na jembe begani. Aliacha jembe mlangoni. Alilitazama lile ua, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Vumbi," alisema Baba. Lakini chumbani hapakuwa na vumbi.

Jua lilikuwa linashuka. Mama alikaa kitandani, mtoto mapajani. Naanyu alichukua kopo kutoka dirishani. Alilileta karibu, karibu kabisa.

"Mdogo wangu," alisema Naanyu. "Hii ni lisi. Nimekupandia tangu zamani sana. Ni yako."

Mtoto alikunja pua. Akanyoosha mguu. Kisha, taratibu, akafungua jicho moja. Akafungua na la pili.

Yalikuwa macho meusi, makubwa, mapya.

"Amefungua!" alinong'ona Baba, akabana pumzi.

Naanyu aliinua lisi juu kidogo ili mtoto aione vizuri. Akaisogeza kushoto. Akaisogeza kulia.

Lakini mtoto hakuitazama lisi hata kidogo.

Alimtazama Naanyu.

Alimtazama, akamtazama, akamtazama.

Naanyu aliweka kopo chini. Hakulihitaji tena. Akapanda kitandani kando ya Mama, na mtoto akamfuata kwa macho.

"Mimi ni dada yako," alisema Naanyu.

Mama aliwavuta wote wawili chini ya blanketi moja. Nje giza liliingia. Mtoto akafumba macho, na Naanyu akafumba ya kwake.